Madirisha mawili, foto moja: historia ya kamera ndogo, na namna nilichagua yangu hapa Kamina

Wengi mulizoea kunisoma juu ya muhogo, mahindi na udongo wenye asidi. Leo ninatoka kidogo inje ya shamba. Tangu mwezi uliopita watu wa kartie wananiuliza: "Weye mutu wa agronomi, uko na telefone ya kupiga foto, unatafuta ile kamera ya zamani ya pelikule juu ya nini?" Ulizo ni la haki. Jibu lake ni refu kidogo. Linapita mu historia ya dunia, linapita mu historia ya Kongo, kiisha linarudi ku Kamina. Basi kila mutu akamate kiti.

Tuanze na mashini yenyewe. Kamera ninayoisema inaitwa kamera ya telemetri. Mbele iko na madirisha mawili madogo, yenye kuachana kwa sentimetre chache. Ukiangalia ndani, unaona kitu kimoja mara mbili, sawa mutu mwenye kuzidisha lutuku. Unazungusha objektifu polepole mpaka zile sura mbili zinapandana na kuwa moja. Hapo njo umbali umepatikana, na foto itatoka safi. Sisi wa agronomi hii hesabu tunaijua. Ukitaka kujua upana wa mto bila kuvuka, unasimama pa fasi mbili kandokando, unaangalia muti mumoja wa ngambo, na zile pembe mbili zinakupa umbali. Kamera inafanya vile vile ndani ya mukono wako.

Mbele ya kufika mu kamera, ile hesabu ilikuwa ya askari: wapiga mizinga walipima nayo umbali wa adui. Mwaka 1916 Kodak ya Marekani ilitosha kamera ya kwanza yenye telemetri iliyofungwa pamoja na objektifu, lakini ilikuwa kubwa, si ya kutembea nayo mu soko. Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Ku muji wa Wetzlar, fundi Oskar Barnack wa kampuni ya Leitz alitumia pelikule ya sinema, ile ya milimetre 35, ndani ya kamera yenye kuingia mu mufuko wa koti. Leica iliingia mu soko mwaka 1925. Mwaka 1932 ilipata telemetri ya ndani, na mwaka ule ule Zeiss Ikon ilijibu na Contax. Foto 36 mu pelikule moja, bila miguu mitatu, bila kitambaa cheusi ku kichwa. Mupiga foto akaweza kutembea na kukimbia sawa mutu mwingine yeyote.

Na kitu kizuri hakikose wa kuiga. Wasoviet walianza kutengeneza FED ku Kharkiv mwaka 1934, mu nyumba ya kulelea vijana wasiokuwa na wazazi, kwa kufuata mufano wa Leica. Kiisha vita, mashini za kutengeneza Contax zilichukuliwa na Wasoviet kama malipo ya hasara, na ku muji wa Kiev wakatosha kamera yenye kuitwa Kiev. Zorki ilifuata mwaka 1948. Wajapani nao walikuwa wameanza: Canon mu miaka ya 1930, Nikon mwaka 1948. Leica ikapanda juu kabisa na M3 ya mwaka 1954. Lakini mwaka 1959 Nikon F ilikuja, yenye kioo cha ndani cha kukuonyesha kile kile objektifu inaona, na wapiga foto wa gazeti wakahamia upande ule. Telemetri ikabakia kwa watu wa familia: Canonet ya mwaka 1961, Yashica Electro 35 ya mwaka 1966, na ndugu zao.

Sasa tuingie kwetu. Historia ya foto mu Kongo ni historia ya nani alishika kamera. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mumisionere Mwingereza, alipiga foto ya Nsala wa Wala, mwanaume mwenye kukaa mbele ya mukono na muguu wa mutoto wake, vyenye vilikatwa mu kazi ya mupira wa Leopold II. Ile foto na zingine zilionyeshwa kwa taa mu mikutano ya Uingereza na Marekani, na zilisaidia kumusukuma mufalme mpaka akaachilia Kongo mwaka 1908. Kamera ilitusaidia. Lakini iliyoshikwa ilikuwa ya mugeni, na foto zilikwenda na mugeni.

Hapa pa Haut-Lomami ni vile vile. Mumisionere William Burton alifika Mwanza mwaka 1915, akakaa katikati ya Waluba mpaka siku za uhuru. Alikusanya vitu vya Waluba, alipiga foto, aliandika. Mutu akitaka kuona ile kazi leo, anatafuta ku Johannesburg na ku Tervuren, Ubelgiji. Na ukitafuta foto za zamani za Kamina, zenye kutoka mbele ni za base: ndege, hanga, askari. Novemba 1964 para Wabelgiji walishuka hapa mu ndege za Wamarekani, siku mbili mbele ya kuruka juu ya Stanleyville. Ni historia kweli, sikatae. Lakini nani alipiga foto ya mama mwenye kuuza ndizi ku gare siku ile? Nani alipiga foto ya mukulima wa kando ya base?

Wakongomani wenyewe walishika kamera pole pole. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apate foto za ndoa yake. Kutoka pale akakuwa jicho la usiku wa Kinshasa: mabare, vijana, Franco na gitare yake. Joseph Makula aliingia mu Congopresse, kazi ya habari ya serikali ya koloni, mu miaka ya 1950, mahali wapiga foto walikuwa wazungu. Na karibu na sisi, ku Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alikamata foto za zamani za wafanyakazi wa migodi akaziweka juu ya foto mupya za viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Ile kazi yake inaitwa Mémoire. Muangalie vizuri: Baloji aliweza kuifanya kwa sababu foto za zamani zilichungwa. Penye hakuna archive, hakuna kitu cha kuweka juu ya kingine.

Hapo njo jibu langu kwa watu wa kartie. Telefone yangu ya kwanza ilikuwa na foto za shamba langu la stage. Ilikufa, na foto zikakufa nayo. Ya pili iliibiwa ku lori. Lakini pelikule ya rangi nyeusi na nyeupe, ukiisafisha vizuri na ukiichunga pa fasi kavu, inapita maisha ya mutu. Haiombe courant wala mega. Mutukuu wako anainyoosha mbele ya dirisha, anakuona. Mimi ninataka kupiga foto za wazee wa shamba na wa chemin de fer wa hapa kwetu, mumoja mumoja, na jina lake nyuma. Wazee hawangojee. Mwaka jana tu tulizika watatu mu avenue yetu.

Basi nilichagua namna gani? Leica niliiacha mapema: ile pesa ni ya pikipiki, hata zaidi. Zilibakia mbili. Ya kwanza, Zorki 4, ilikuwa kwa mufanya biashara mumoja wa Lubumbashi. Ya pili, Yashica Electro 35, ilikuwa ya muzee mumoja wa hapa, aliyefanya kazi ya chemin de fer miaka mingi. Kwa mwenye kutaka kufuata hii njia, nilipima hivi.

Kwanza objektifu. Angaza taa ya telefone ndani yake, uangalie kutoka upande mwingine. Ukiona nyuzi kama za buibui, ule ni ukungu, ndugu ya ule wenye kuharibu mahindi mu gala. Sheria ni moja: ukungu unapenda giza na unyevu. Mahindi tunayaweka mu gala kiisha kukauka mpaka karibu asilimia 13. Kamera nayo usiifungie mu mufuko wake wa ngozi mvua nzima, juu ngozi inakunywa maji. Iache pa fasi yenye hewa na mwangaza.

Pili pazia. Kamera ya Zorki iko na pazia ya kitambaa nyuma ya objektifu, na hakuna kioo cha kuifunika. Ukiiacha wazi ikiangalia jua, objektifu inafanya kazi ya lupe na kutoboa kitambaa. Kwa jua letu hii si hadisi. Fungua nyuma, angaza taa, utafute vitobo.

Tatu telemetri. Elekeza kamera ku kitu cha mbali sana, mufano pilone ya telefone. Objektifu ikifika mwisho wake, zile sura mbili zinapashwa kupandana kabisa. Kiisha pima metre moja na ruban, ujaribu tena karibu.

Ine ni bateri, na hapa njo penye historia inaingia mu mufuko wako. Kamera mingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa bateri za zebaki. Zebaki ni sumu, na zile bateri ziliondoka mu soko; mwaka 2013 mataifa yalitia mukono ku mapatano ya Minamata, muji wa Japani wenye watu wake waliharibiwa na zebaki mu samaki. Yashica Electro 35 inachagua yenyewe wakati wa kufungua pazia, kwa nguvu ya bateri. Bila bateri inabakia na mwendo mumoja tu, wa haraka sana. Unaweza kupanga bateri ndogo ine za mutoto wa toys, zikifika volti 6, na itakubali. Zorki haina bateri hata moja. Ni vyuma, springi na kitambaa. Inakuomba kitu kimoja: uvute pelikule mbele, njo ubadilishe mwendo, si kinyume, juu ukipinga ile sheria unaweza kuharibu mashini.

Objektifu ya Yashica ni nzuri kupita, na inakamata mwangaza mingi. Mu nyumba ya muzee saa ya magaribi, ile ni faida kubwa. Lakini nilipovuta levie yake, ile sauti ndogo ya ndani yenye inapashwa kusikika haikutoka. Kwa hii aina, maana yake mara mingi ni kipande cha kauchu kilichooza, na kukibadilisha ni kufungua kamera nzima. Zorki, nilipata fundi wa saa ku soko aliyeiangalia na kusema: "Hii ninaweza." Ile neno ilimaliza mabishano. Mu muji wenye kukosa bateri, laboratware na vipuri, kamera muzuri ni ile yenye fundi wa karibu anaweza kufungua. Tunasema vile vile juu ya trakta, sivyo?

Pelikule zinafika na wasafiri kutoka Lubumbashi, kwa hiyo ninahesabu kila foto. Ninazisafisha mwenyewe nyumbani. Dawa inataka maji ya karibu digre 20, na usiku wetu wa kiangazi unatusaidia.

Lakini kuna kitu kimoja chenye kupita kamera yote mbili. Nilipomurudishia yule muzee Yashica yake, alinipa sanduku ya biskuti ya chuma. "Sasa hii pia itupwe," alisema. Ndani mulikuwa vipande vya pelikule, mingi. Niliinua kimoja mbele ya dirisha: gare ya Kamina, wanaume wa équipe mbele ya lokomotive, watoto wa cité, ndoa moja, shamba la soya nyuma ya nyumba za chemin de fer. Miaka ya 1970. Foto zenye nilisema hakuna mutu alizipiga, yeye alizipiga. Nilimuomba akae na mimi siku tatu. Ninaweka kipande juu ya ekra nyeupe ya telefone moja, ninakikamata na telefone ingine, yeye anasema majina, mimi ninaandika. Watu 41 sasa wako na majina. Wanne kati yao ni babu wa watu wa hii page, na mbili mulishaniandikia.

Basi kazi yangu iko na mpango mupya: Zorki kwa wazee wenye kuwa hai, na vipande vya zamani kwanza. Wandugu, muangalie chini ya vitanda vya wazazi wenu, mu masanduku, mu mifuko ya plastiki. Vipande vya rangi ya kahawia au kijivu, vyenye sura za kinyume, musivichome na majani ya kiwanja. Vikaushe kivulini, viweke mu bahasha ya karatasi, muandike majina wakati mwenye kuyajua angali anasema. Kiisha muniite. Nitakuja na telefone mbili na kalamu.