Kipepeo Mwenye Kanzu Mbili

Juni ikiingia, masika yakishakatika, wingu huikalia Moshi. Kibo haionekani siku nyingi, masweta yanatoka kabatini, na mtu atakuambia vipepeo wameisha. Hawajaisha. Wamepungua, na wengine wamebadili nguo tu.

Mchukue yule ambaye wataalamu wanamwita Precis octavia, anayeishi nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kusini. Wakati wa joto na mvua ni mwekundu wa machungwa. Wakati wa baridi na ukame ni mweusi wa buluu, na mstari wa madoa mekundu. Wataalamu wa zamani waliwapa rangi hizo mbili majina mawili, kama vipepeo wawili tofauti. Kwani nani angedhani? Mwaka 1898 Guy Marshall, akiwa Salisbury, leo Harare, alilea mayai ya mmoja akapata mwingine. Kumbe ni yule yule! Baadaye ikajulikana kwamba kinachoamua hasa ni joto au baridi anayokulia kiwavi.

Ndiyo maana mdudu aliyekaushwa bila tarehe ni nusu ya habari.

Mlima wetu uliandikwa mapema. Mwaka 1905 Mswidi Yngve Sjöstedt alipiga kambi Kibong'oto, pale ambapo leo wengi tunapajua kwa hospitali ya kifua kikuu, akakusanya wadudu hadi 1906. Matokeo yalichapishwa kati ya 1907 na 1910, sehemu kubwa kwa Kijerumani. Mwaka 1908 Christopher Aurivillius alimpa kipepeo mmoja wa misitu ya milima ya kaskazini jina la mwenzake: Papilio sjoestedti. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo Steven Liseki wa Chuo cha Mweka na Mwingereza Richard Vane-Wright wakaanza, mwaka 2011, kuchapisha orodha mpya ya vipepeo wa Kilimanjaro.

Sasa, kama joto ndilo linalochagua kanzu, na dunia inazidi kupata joto, siku ya kubadili kanzu nayo inaweza kusogea. Barafu ya Kibo inapigwa picha na kila mgeni. Kipepeo wa kihambani, Machame au Marangu, anaonwa na mwenye kihamba tu, naye haandiki.

Daftari la shule linatosha: tarehe, kijiji, rangi. Miaka 20 ya madaftari hayo ingetupa historia ambayo msafara wa mwaka mmoja, hata uwe makini vipi, hauwezi kuiandika.