Daktari, Mpira na Kiapo



Vijana wetu wa Nyakisasa wanapofukuza mpira jioni, wengi wetu huona mchezo tu. Yuko daktari mmoja wa zamani aliyeona ndani yake shule nzima ya maisha. Historia yake inatufundisha hata pale aliposhindwa.

John Arthur, Mskoti, alizaliwa mwaka 1881, akasomea udaktari Glasgow, na mwaka 1907 akafika Kikuyu, nchini Kenya, katika misheni ya Kanisa la Scotland. Alitibu wagonjwa, na jioni wavulana wa misheni wakacheza. Mwaka 1909 aliandika kuwa mpira wa miguu ndio mchezo wao mkuu. Aliamini kuwa unamfunza kijana ujasiri, kuzuia hasira na kutojipendelea.

Kisha ikaja Vita Kuu, ile iliyowaleta Wabelgiji mpaka Biharamulo mwaka 1916. Mwaka uliofuata Waingereza waliwakusanya wanaume wa Kenya kwa nguvu wawe wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa, wengi wao kwa maradhi. Arthur hakuwaacha vijana wake waende peke yao. Aliunda kikosi cha wapagazi wa misheni, watu zaidi ya 1,000, naye mwenyewe akakiongoza. Walimfuata kwa kuwa walikwisha kuishi naye.

Lakini mwaka 1929 mambo yaligeuka. Arthur alipinga ukeketaji wa wasichana, na katika hilo, kama daktari, alikuwa na haki: leo sheria za Kenya na za Tanzania zinaukataza. Hata hivyo waumini walitakiwa kutamka kiapo cha kuukana, na asiyekubali akatengwa. Wengi waliondoka, madarasa yakabaki matupu, na Wakikuyu wakaanzisha shule zao huru. Mwaka 1937 Arthur aliiacha Kenya.

Twajiuliza: mtu yuleyule, vijana walewale, kwa nini mara ya kwanza walimfuata hata vitani, na mara ya pili wakamkimbia? Uwanjani na safarini alikuwa pamoja nao. Katika kiapo alisimama juu yao. Ukweli ukiletwa kwa amri, hata ulio mwema, huonekana mzigo wa mgeni.

Sisi wazazi, makatekista na walimu tuna mengi ya haki ya kuwaambia vijana wetu. Basi tuanze kwa kushuka uwanjani.