Hori la Dar es Salaam katika Vita vya Majini, 1914–1916

Meli inayoingia bandari ya Dar es Salaam hupita kwanza mlango mwembamba uliopinda kati ya Magogoni na Kigamboni, ndipo hori lifunguke na kuingia ndani kuelekea Kurasini na Mzinga. Wajerumani waliutegemea mlango huo uwakinge. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, uliwazuia adui zao, ukawafungia nje na wao wenyewe.

Manowari yao Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilitoka bandarini Julai 31, 1914, isije ikazingirwa na Waingereza. Agosti 8, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo mjini. Wakihofia kuvamiwa, Wajerumani walizamisha chelezo chao mlangoni ili kuuziba. Tangu hapo Königsberg haikuwa na bandari. Alfajiri ya Septemba 20 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, kisha ikaenda kujificha, injini zikiwa mbovu, katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Lakini karakana zilikuwa Dar es Salaam. Vipuri vikubwa vya mitambo vilikokotwa nchi kavu na wapagazi Waafrika hadi mjini, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa Rufiji kwa njia ileile.

Ndani ya hori zilibaki meli za kiraia, zikiwemo König, Feldmarschall na Tabora, iliyokuwa imefanywa meli ya hospitali. Waingereza walishuku kuwa zinaweza kupenya kando ya chelezo na kuipelekea Königsberg mahitaji. Novemba 28, manowari zao Goliath na Fox zilitia nanga nje, na bendera nyeupe zikapepea mjini. Kamanda Henry Peel Ritchie aliingia na vyombo vidogo kuharibu injini za meli zile. Alipozikuta karibu tupu alihisi mtego, akafunga matishari mawili ubavuni mwa mashua yake yawe ngao. Wakati wa kutoka, risasi zilimiminika kutoka ufukweni, naye akajeruhiwa mara nane. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross. Kwa tarehe ya tendo lenyewe, ndiye mwanamaji wa kwanza wa Uingereza kuistahili katika vita hivyo. Manowari zikaushambulia mji, na jumba la gavana likaharibiwa. Kila upande uliulaumu mwingine kwa kuvunja masharti ya bendera nyeupe.

Königsberg iliangamia Rufiji Julai 11, 1915, baada ya kushambuliwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikavutwa na wapagazi hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu katika karakana zilezile. Mmoja ulisafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba. Vita vya bahari vikawa vimefika Ziwa Tanganyika. Septemba 4, 1916, Waingereza waliutwaa mji.

Masimulizi ya vita hivi huwataja Looff na Ritchie, na ni haki yao. Wapagazi hawatajwi kwa majina, ingawa baada ya chelezo kuzama, mabega yao ndiyo yaliyounganisha karakana za hori na manowari iliyojificha. Pasipo wao, mizinga ya Königsberg ingeozea kwenye tope la Rufiji.