Kafa Ulaya, Kafa Hapa

Neno linalotulisha sisi wauza nguo za mtumba wa Bujumbura ni la Kiswahili, ingawa Warundi wengi hulitamka bila kujua. Kirundi huandika caguwa. Sikio la Mswahili husikia "chagua". Ni sauti ya muuzaji aliyesimama juu ya fungu lake akiwaita wapita njia: chagua mama, chagua! Mwito ukawa jina la bidhaa. Tanzania na Kenya husema mitumba, Uganda mivumba, Zambia salaula. Lakini upande wa Tanzania wazee walikuwa na jina jingine, na mama yangu, ingawa alizaliwa Uvira, upande wa Kongo, alilitumia mpaka siku zake za mwisho: kafa Ulaya. Waliamini hakuna mzungu anayeweza kutoa koti zima namna ile akiwa hai. Lazima mwenyewe amekufa.

Nauza chagua hapa katika mtaa wa Musaga tangu 1991. Jina hilo la mama nililicheka ujanani. Vita vilinifundisha kulitamka polepole.

Nguo ya kununua ilitufikia zamani kuliko wengi wanavyodhani. Babu zetu walivaa impuzu, magome ya mti yaliyopondwa mpaka yakalainika. Kisha misafara ya Zanzibar ikafika Ujiji na merikani, ile pamba nyeupe iliyofumwa Massachusetts, na mitumbwi ikaipandisha ziwani hadi kwetu. Kilomita kumi hivi kusini ya Musaga, pale Mugere, kuna jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliopita pwani hii Novemba 1871. Stanley alisafiri na mizigo ya vitambaa kwa sababu vitambaa ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Wajerumani walipojenga boma la Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne hiyo, watu wa Ujiji na Manyema walifuata na biashara yao na lugha yao, na wajukuu wao ndio waliojaza mtaa wa Buyenzi chini ya Wabelgiji. Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Katika picha pekee ya babu tuliyonayo amevaa koti la askari wa kizungu, mikono imemfunika vidole, vifungo vyote vimefungwa katika joto la ziwa. Koti lile lilikuwa na mwenyewe kabla yake.

Biashara kubwa ilikuja baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 China ilisaidia kujenga kiwanda cha nguo cha COTEBU, na mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kufuma. Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilifungua mlango wa biashara ya nje, na belo za mitumba zikaanza kumiminika bandarini Dar es Salaam. Zilipanda reli hadi Kigoma, zikaingia melini, zikashushwa hapa. Mume wangu alifuma kitambaa kipya mchana, mimi niliuza cha zamani jioni. Hakuvaa hata shati moja kutoka kwenye fungu langu mpaka kiwanda kilipofungwa katika miaka ya 2000. Nilimwelewa. Anayesema chagua haikuumiza viwanda vyetu hajaishi na fundi wa COTEBU.

Musaga una bahati ya barabara. Njia ya Ijenda na Matana inapita hapa, ikipanda milima ya Mugamba, kwenye chai, viazi na baridi. Akina mama waliteremka na mboga alfajiri na kurudi na makoti. Belo ya kilo 45 ikija na makoti mazito ambayo mtu wa ziwani hawezi kuyavaa, sisi wa Musaga tulifurahi: Mugamba itayamaliza. Upande wa pili tuna gereza kuu la Mpimba. Mwanamke anayempelekea mfungwa chakula hupita kwetu kutafuta sweta la usiku, shuka, au nguo za kichanga, kwa sababu wapo wanaolelewa humo na mama zao. Mteja wa namna hiyo tunamjua kwa jinsi anavyoshika nguo. Huipima kwa viganja vyake, kwa kuwa anayemnunulia hawezi kuja kuijaribu.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata vikaukata mji vipande. Musaga ukabaki na Watutsi, mtaa wa Kamenge na Wahutu, na daraja ulilovuka kila siku likawa mwisho wa dunia yako. Watu waliacha kutembeleana. Kwetu jirani asiyekutembelea ni kama amehama, kwa hiyo mtaa ulijaa watu na kila nyumba ikawa peke yake. Kisha, tarehe 31 Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Meja Buyoya, nchi jirani zikatuwekea vikwazo. Vilidumu hadi Januari 1999. Belo zikawa adimu, na zile zilizopenya bei yake hatukuiweza. Turubai langu likabaki na masalia: soksi zisizo na wenza, mikanda, suruali za watu wanene.

Asubuhi moja mwishoni mwa mwaka 1996 mama jirani alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na suruali mbili, mashati matatu na koti la kijivu. Nilimjua mwenye koti. Alikuwa mwalimu, na kila alipopita kwangu alinisalimu kwa kuligusa ukosi.

"Mmeshaganduka, dada?" nilimuuliza. Kuganduka ni kuanua matanga, siku ambayo familia hurudi katika maisha na vitu vya marehemu hupata mikono mipya.

Akatikisa kichwa. "Tungeganduka na nini? Watoto hawana daftari."

Nilimlipa nilichokuwa nacho. Lakini koti sikulitandika. Watoto wa mwalimu walipita mbele ya turubai langu kila siku wakienda shule, na sikutaka wakutane na koti la baba yao juu ya mgongo wa mtu mwingine. Siku ya tatu nikalifunga ndani ya kanga, nikaenda Buyenzi kwa mama mmoja aliyenifundisha biashara hii. Nilipomweleza hakushangaa. Akafungua sanduku chini ya meza. "Mwanangu, hata mimi ninazo za kwangu." Nazo zilikuwa nguo za wanaume wa mtaani kwake, ambazo hakuweza kuziuza mbele ya wake zao.

Tukabadilishana. Za Musaga zikauzwa Buyenzi, za Buyenzi zikauzwa Musaga. Tulifanya hivyo zaidi ya miaka miwili, na wauzaji wengine wakaingia. Sikumuuliza hata mara moja wafu wake walikuwa akina nani, wala yeye hakuniuliza wangu. Tulipima mabega na urefu wa mikono. Siku ya kwanza niliporudi na mzigo wa Buyenzi nilisikia sauti ya mama yangu: kafa Ulaya. Hawa walikuwa wamekufa hapa.

Mke wa mwalimu alirudi kuchukua fedha iliyobaki. Nilimhesabia, akaipokea, hakuondoka. Akakaa juu ya mzigo, akavuta shati, akalikunja. Akavuta jingine. Jioni akaenda bila kuaga, na kesho yake akarudi. Karibu miezi mitatu alikunja nguo zangu pasipo kusema zaidi ya salamu. Sikumhimiza. Nilimlipa kwa kumwachia nguo za watoto kabla wateja hawajafika. Siku aliyofungua kinywa kulikuwa na mteja anavuta bei ya jaketi, nami nilikuwa karibu kukubali. Akasema bila kuinua macho: "Usimpe kwa bei hiyo. Zipu yake ni nzima." Mteja akaongeza. Sote watatu tukacheka, na kicheko chake kilikuwa na kutu.

Baada yake walikuja wengine. Kufikia mwaka 2000, wakati makubaliano ya Arusha yalipotiwa saini, tulikuwa wanawake saba, na tulikuwa na kirimba. Kila Jumamosi kila mmoja aliweka kiasi, mmoja akabeba zote. Fedha hiyo ilinunua belo, ikalipa ada za shule na majeneza. Mwenye msiba hakudaiwa wiki yake. Anayejifungua aliletewa kifurushi cha nguo za mtoto zilizochaguliwa na kufuliwa na sisi. Asiyefika Jumamosi alifuatwa nyumbani jioni ile ile, hata kama fedha yake ilikuwa imetangulia. Sheria hiyo aliitunga mke wa mwalimu, na ndiyo pekee ambayo haijabadilika.

Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Moshi tuliuona kutoka Musaga. Wiki hiyo walifika wauzaji waliobaki na funguo za vibanda visivyokuwepo tena, na kila mmoja wetu akakunja turubai lake nusu ili mwingine apate pa kutandika. Aprili 2015 maandamano yakaanza, Musaga ukiwa miongoni mwa mitaa ya mbele, na barabara yetu ikafungwa kwa mawe. Mwaka ule wengi walikimbilia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Mahama, Rwanda. Miaka miwili baadaye Warundi waliokuwa ukimbizini walizidi 400,000. Kirimba chetu kilibaki na wanawake watatu. Tuliendelea kukutana, hata Jumamosi ambazo hapakuwa na cha kuuza.

Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni kufikia 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Mume wangu alifurahi, nami sikubishana naye. Nchi inayojiheshimu hufuma nguo yake. Ninachoomba ni kimoja. Atakayeifunga biashara hii ajue kwamba anafunga pia mahali ambapo mjane aliweza kuja bila mwaliko, akakaa bila kuulizwa, akapewa kazi ya mikono. Ajenge cha kuziba nafasi hiyo kwanza.

Binti wa kaka yangu anaishi Brussels. Siku zake za mapumziko hujitolea katika duka la Les Petits Riens, mtaa wa rue Américaine, Ixelles. Padri Édouard Froidure alianzisha kazi hiyo mwaka 1937, na mpaka leo vitu vilivyotumika huuzwa pale ili fedha yake isaidie wasio na makao. Binti huyo hupanga nguo, hupekua mifuko, kama sisi tunavyopekua tukifungua belo. Juzi alinipigia simu.

"Shangazi, kuna bibi anakuja kila siku. Hanunui kitu. Anagusagusa makoti ya kiume, anaenda zake. Wenzangu wanasema mumewe alifariki majira ya baridi. Nimwambie nini?"

Kwa hiyo mama yangu hakukosea kabisa. Wenye makoti wengine walikufa kweli, na huko pia kuna aliyebaki nyuma akiwa ameshika mfuko.

Nilimwambia asimwambie kitu. Amvutie kiti, amwekee mashati mbele yake, amwache akunje.