Silaha Haienei, Inaenezwa

Redio na magazeti yetu yamezoea kusema "kuenea kwa silaha za nyuklia", nami kila nikisikia hivyo sikio hukataa. Huenea moto wa nyika, huenea mafuriko, huenea habari za msiba kabla jua halijatua. Vitu hivyo huenda vyenyewe, na hakuna wa kushtakiwa. Silaha haina miguu. Oktoba 2003 meli ya BBC China ilizuiwa ikielekea Libya, na ndani ya makontena yake mlikutwa vipuri vya mashine za kurutubisha urani, vilivyochongwa Malaysia na kupitishiwa Dubai. Kulikuwa na aliyechora, aliyechonga, aliyelipwa na aliyeandika hati za mzigo. Februari 2004 Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa Pakistan, alikiri kwenye televisheni ya nchi yake kwamba alihusika na biashara hiyo.

Kiswahili kina tiba ya jambo hili katika herufi moja. Enea, eneza. Ikiingia ile z, msomaji atauliza: nani? Kwa hiyo mimi husema "kuzuia uenezaji wa silaha", na silaha "huenezwa".

Karibu miezi mitatu baada ya Khan kukiri, tarehe 28 Aprili 2004, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1540 na kuunda kamati ya kulifuatilia. Kamati hiyo ina wajumbe 15, wale wale wa Baraza, na huamua kwa maafikiano, kwa hiyo pingamizi la mmoja linatosha kukwamisha jambo. Tanzania ilikaa humo mwaka 2005 na 2006, Kenya mwaka 2021 na 2022. Wasemaji wa lugha yetu wameketi kwenye meza hiyo, lakini istilahi zake bado hatujazishona vizuri.

Tuchukue kifungu cha kwanza cha azimio. Kinazikataza nchi zote kumsaidia kwa namna yoyote mtu wa nje ya dola anayejaribu kufanya mambo saba kwa silaha za nyuklia, za kemikali au za kibiolojia. Hapo mfasiri anatokwa jasho. Jambo la kwanza ni kuipeleka silaha kutoka kwenye wazo hadi kwenye kitu, na mwenye haraka huandika "kuendeleza". Mimi nalikataa. Tangu uhuru, kuendeleza ni kazi ya heri: tunaendeleza elimu, tunaendeleza vijiji. Silaha ya sumu "inabuniwa" au "inaundwa", basi. La pili ni kuipata, la tatu kuitengeneza, la nne kuimiliki. Hayo hayana ugomvi. La tano ni kuisafirisha. La sita wengi huandika "kuihamisha", na hapo maana inavuja, kwa sababu kuhamisha ni kutoa kitu hapa na kukiweka pale, na hilo limekwisha kusemwa na kusafirisha. Kinachokatazwa ni kuitoa mkononi mwako na kuitia mkononi mwa mwingine. Lugha ina neno "kukabidhi", na kila mtunza ghala analijua. La saba ni kuitumia.

Na huyo mtu wa nje ya dola aitwe nani? Nimeona "watendaji wasio wa kiserikali", na hili ndilo kosa linaloniuma zaidi. Kwetu asasi isiyo ya kiserikali ni kikundi cha akina mama wanaochimba kisima, ni shirika linalowalipia yatima ada. Kuwapa jina moja na mwenye kutafuta gesi ya sumu ni kuwadhulumu, na sheria iliyoandikwa hivyo inaweza kuwaangukia wao. Azimio lenyewe linamweleza kuwa ni mtu au taasisi ambayo, katika shughuli hizo, haitendi kwa mamlaka halali ya dola yoyote. Basi aitwe "mtendaji asiye na mamlaka ya dola". Ni jina refu, lakini halimgusi asiyehusika.

Neno "usalama" nalo limebeba mizigo miwili. Kiingereza hutenga kinga dhidi ya ajali na kinga dhidi ya mwizi. Sisi, kama Wahispania, tuna neno moja kwa yote mawili. Wahispania hulifungia kivumishi. Nasi tuseme "usalama dhidi ya ajali" na "ulinzi dhidi ya wizi", mambo yasichanganyike.

Kuna istilahi moja ninayoitetea kwa moyo wote: "silaha za maangamizi ya halaiki". Wapo wanaoandika "maangamizi makubwa". Neno "makubwa" linapima bomu. "Halaiki" linataja watu. Kwa Mtanzania neno hilo huleta uwanja wa sikukuu ya taifa, mamia ya watoto wa shule wenye sare, wakiinama na kuinuka kwa pamoja huku jua likiwapiga. Silaha hizi zimeundwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Msomaji akiona jina la silaha, awaone watoto wale.

Kazi ya maneno haya bado ipo: muda wa Kamati ya azimio 1540 umeongezwa hadi tarehe 30 Novemba 2032. Azimio linazitaka nchi kudhibiti hata mzigo wa transiti, na kontena linaloshushwa Mombasa linaweza kwenda Kampala au Kigali, la Dar es Salaam likaenda Bujumbura au Lubumbashi. Karani wa forodha wa kila kituo anahitaji orodha yenye maneno yale yale. Nawasihi watu wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, na wenzao wa Kenya waketi na watu wa forodha, wanasheria na wakemia, wayakubali maneno haya mapema, kabla kila nchi haijatunga ya kwake.