Kupoza kompyuta ndogo bila feni: Siri imo katika kasha

KOMPYUTA ndogo za bodi moja, ambazo vipuri vyake vyote hupangwa juu ya kibao kinachoenea kiganjani, zimepata watumiaji wengi katika shule, ofisi na karakana kutokana na bei yake nafuu na umeme kidogo zinaoutumia. Hata hivyo, kompyuta hizi zina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto. Tatizo hilo huwa kubwa zaidi katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, ambako mchana wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi huweza kufikia nyuzi joto 32 za Selsiasi.

Inayojulikana zaidi miongoni mwa kompyuta hizo ni Raspberry Pi, iliyobuniwa mjini Cambridge, Uingereza, na kuanza kuuzwa Februari 29, mwaka 2012. Bodi yake ya kawaida ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. Matoleo ya mwanzo yalifanya kazi bila kuhitaji kupozwa. Mambo yalibadilika Juni 2019, lilipotoka toleo la nne, Pi 4, lenye prosesa ya viini vinne iliyokwenda kwa kasi ya gigahezi 1.5. Nguvu iliongezeka, na joto likaongezeka pamoja nayo.

Joto likizidi hutokea nini?

Prosesa ya Pi 4 haisubiri kuungua. Inapofikia nyuzi 80 huanza kujipunguzia mwendo yenyewe, na ikifikia 85 hupunguza zaidi. Mtumiaji haoni moshi wala hasikii harufu. Anachokiona ni kwamba mashine iliyokuwa nyepesi asubuhi imekuwa nzito ifikapo saa nane mchana. Wengi huulaumu mtandao au programu, kumbe kosa ni la kasha.

Jambo la kwanza linalomjia mtu akilini ni feni. Watengenezaji wenyewe walitoa feni ndogo ya kasha la Pi 4 mwishoni mwa mwaka 2020. Feni hupoza vizuri, lakini huvuta vumbi, hupiga kelele, na siku itakapokwama huenda asiwepo wa kugundua. Wakati huohuo, Novemba 2020, ilitoka Pi 400, kompyuta iliyojengwa ndani ya kibodi. Hiyo haina feni kabisa. Bamba kubwa la metali lililomo ndani yake hulitawanya joto, na prosesa hukimbia kwa gigahezi 1.8. Huo ni ushahidi kwamba kupoza bila feni kunawezekana, ilimradi joto lipatiwe njia ya kutokea.

Njia ya joto

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho ndani ya vitu vigumu, msafara unaobebwa na hewa, na mnururisho usiohitaji kitu cha kulibeba. Kasha zuri huzitumia zote tatu.

Katika mpitisho, alumini hupitisha joto takriban mara 1,000 zaidi ya plastiki ya kawaida. Hewa iliyotulia ni mbaya kuliko plastiki. Kwa hiyo kasha la alumini lisiloigusa prosesa halina faida kubwa. Pengo la milimita moja tu la hewa latosha kuiharibu kazi yote. Mbunifu hana budi kuacha nguzo ya metali inayoshuka kutoka kwenye kifuniko hadi juu ya prosesa, na kuweka katikati pedi laini ya kupitisha joto, nyembamba kadiri inavyowezekana.

Katika msafara, kinachohitajika ni eneo kubwa linaloguswa na hewa. Ndiyo maana makasha mengi huwa na mapezi. Hata hivyo, mapezi yakibanana hewa hushindwa kupanda kati yake. Kwa kasha dogo lisilo na feni, nafasi ya milimita 5 hadi 8 baina ya pezi na pezi inafaa. Aidha, kuisimamisha kompyuta wima huisaidia hewa ya moto kupaa kwa wepesi.

Kuhusu mnururisho, alumini tupu inayong'aa hutoa joto kidogo sana kwa njia hiyo, ilhali iliyopakwa rangi hutoa mara nyingi zaidi. Si lazima rangi iwe nyeusi. Hata nyeupe hufaa. Kwa kifaa kinachopigwa na jua, nyeupe ndiyo bora.

Hesabu kidogo yaweza kumwongoza mbunifu. Kasha lenye eneo la nje la mita za mraba 0.02, likibeba joto la wati 5, hupanda takriban nyuzi 25 juu ya joto la chumba. Pedi ya wastani yenye unene wa milimita moja huongeza nyuzi kama 7 kati ya kasha na prosesa. Chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa itakaribia 64, ambayo ni salama.

Ikumbukwe pia kwamba metali huzuia mawimbi ya redio. Kasha linaloifunika bodi yote hudhoofisha mtandao usiotumia waya, hivyo upande wenye antena uachwe wazi au uzibwe kwa plastiki.

Namna ya kupima

Kasha halithibitishwi kwa macho. Mpimaji huweka kipimajoto cha chumba mbali kidogo na kompyuta, kisha huendesha programu inayovishughulisha viini vyote vinne kwa wakati mmoja. Amri ya "vcgencmd measure_temp" husoma joto la prosesa, na "vcgencmd get_throttled" hueleza kama mwendo umepunguzwa. Jibu la 0x0 lina maana kwamba hakuna hitilafu tangu kompyuta ilipowashwa. Adapta nayo iwe ya kuaminika, ya volti 5 na ampea 3 kwa Pi 4, maana umeme hafifu pia hupunguza mwendo na kumpotosha mpimaji.

Jaribio la dakika tano halitoshi. Kasha zito la metali hunywa joto polepole, na huonekana zuri kabla halijashiba. Ni vyema kuendelea kwa nusu saa au zaidi, hadi joto likome kupanda.

La muhimu kuliko yote ni kuandika tofauti kati ya joto la prosesa na joto la chumba, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo sifa ya kasha lenyewe. Kasha linalopandisha joto kwa nyuzi 45 litaonyesha 67 katika chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya, na litasifiwa. Kasha hilohilo, ndani ya kabati lenye nyuzi 35, litafika 80, na mwendo utaanza kupungua.

Kwa hiyo mnunuzi anayesoma matangazo ya makasha asiishie kuuliza prosesa ilifika nyuzi ngapi. Aulize pia chumba kilikuwa na nyuzi ngapi, kisha ajumlishe tofauti hiyo na joto la mahali atakapoiweka kompyuta yake.