Jamii na madaktari wa ndege wa Australia

Ushiriki wa jamii katika huduma ya madaktari wa ndege wa Australia ni mchango wa fedha, kazi na maarifa ambao wakazi wa maeneo ya mbali ya nchi hiyo wamekuwa wakiutoa tangu mwaka 1928 ili ndege za wagonjwa ziweze kuwafikia. Shirika linaloendesha ndege hizo linaitwa Royal Flying Doctor Service, kwa kifupi RFDS. Ni shirika lisilotafuta faida, na eneo linalohudumiwa nalo ni takriban kilomita za mraba milioni 7.69, yaani zaidi ya mara nane ya eneo la Tanzania.

Habari za shirika hili kwa kawaida husimuliwa kwa kumtaja rubani na daktari. Hata hivyo, ndege haimfai kitu mgonjwa asiyeweza kuiita, asiye na dawa ya kumshikilia hadi ifike, wala mahali pa kuitua. Mambo hayo matatu hayakuletwa na ndege. Yalitunzwa na watu wa huko huko.

== Chanzo ==

Mwanzilishi wake ni John Flynn (1880–1951), mchungaji wa Kanisa la Kipresbiteri, aliyezaliwa Moliagul katika jimbo la Victoria. Mwaka 1912 alikabidhiwa kuongoza Australian Inland Mission, idara ya kanisa iliyoshughulikia walowezi wa bara. Alianza kwa kufungua nyumba za wauguzi katika miji midogo. Wakati huo madaktari wawili tu walihudumia eneo la kilomita za mraba 300,000 hivi katika Australia Magharibi na milioni 1.5 katika Eneo la Kaskazini.

Kisa kilichowashtua wengi kilitokea mwaka 1917. Mchunga ng'ombe kijana aitwaye Jimmy Darcy aliangushwa na farasi akaumia vibaya ndani ya mwili. Wenzake walimsafirisha kwa mkokoteni hadi Halls Creek, lakini hapakuwa na daktari. Mkuu wa posta, Fred Tuckett, aliwahi kujifunza huduma ya kwanza, basi akampasua kwa kisu kidogo huku akipokea maelekezo ya daktari Joe Holland aliyekuwa Perth, maelfu ya kilomita mbali, kwa njia ya simu ya maandishi. Kisha Holland mwenyewe akafunga safari kwa meli ya kubebea ng'ombe, na baadaye kwa gari. Alipofika Halls Creek alikuta mgonjwa amefariki siku moja kabla.

Mwaka huo huo Flynn aliandikiwa barua na Clifford Peel, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amejiunga na jeshi la anga. Kijana huyo alieleza kwa hesabu za umbali na gharama jinsi ndege zingeweza kuwahudumia wakazi wa bara. Peel aliuawa vitani huko Ufaransa mwaka 1918, asione lolote kati ya aliyoyapendekeza.

Fedha za kuanzia zilikawia. Hugh Victor McKay, mtengenezaji wa mashine za kuvuna ngano, alipofariki mwaka 1926 aliacha wasia wa pauni 2,000 kwa ajili ya jaribio la ndege ya wagonjwa. Tarehe 15 Mei 1928 huduma ilianza rasmi katika mji wa Cloncurry, jimbo la Queensland, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Ndege yake ya kwanza, iliyoitwa Victory, ilikuwa ya kukodi kutoka kampuni ya Qantas, kwa shilingi mbili kwa kila maili iliyorushwa. Siku mbili baadaye rubani Arthur Affleck na daktari Kenyon St Vincent Welch waliruka hadi Julia Creek, kilomita 137 hivi, wakalakiwa kiwanjani na watu zaidi ya mia moja. Katika mwaka huo wa kwanza zilifanyika safari 50 kwenda mahali 26, na wagonjwa 225 walitibiwa.

== Redio ya pedeli ==

Katika miezi ya mwanzo familia iliyokuwa mbali na waya wa simu haikuwa na njia ya kumwita daktari. Mtu aliyevunjika mguu saa sita mchana angeweza kulala mpaka kesho yake kabla ya mpanda farasi kufikisha habari. Flynn alikuwa ameliona tatizo hilo mapema, akamwajiri fundi wa umeme wa Adelaide, Alfred Traeger, atengeneze redio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitumia bila kuwa na umeme nyumbani wala mafunzo ya ufundi.

Traeger aliunganisha jenereta ndogo na pedeli kama za baiskeli. Mtumiaji aliketi kwenye kiti, akakanyaga kwa miguu kuzalisha umeme, na mikono ikabaki huru kutuma ujumbe. Redio za kwanza zilifungwa mwaka 1929 katika ranchi na vituo vilivyozunguka Cloncurry. Mwanzoni ujumbe ulitumwa kwa alama za Morse, ambazo wakazi walilazimika kujifunza. Baadaye Traeger alitengeneza kibao cha herufi kilichotuma alama zenyewe, na katika miaka ya 1930 watu wakaanza kusema kwa sauti.

Mara nyingi aliyekaa kwenye redio alikuwa mama mwenye nyumba. Ndiye aliyeeleza dalili, akapima homa, akarudia maelekezo ya daktari ili kuhakikisha hakukosea. Na kwa kuwa majirani wote walikuwa kwenye masafa yale yale, kila mtu alisikia ugonjwa wa kila mtu. Hakuna siri iliyowezekana, hata ya uzazi. Watu walikubali hasara hiyo kwa sababu jirani aliyesikia ndiye pia aliyeweza kufika kwa farasi kusaidia kabla ya ndege.

Mtandao huo ulizaa mambo mengine. Ziliwekwa nyakati za wanawake kuzungumza wao kwa wao, na zikapewa jina la galah, kasuku wa rangi ya waridi na kijivu mwenye kelele nyingi. Mwaka 1951, kupitia redio ya kituo cha madaktari huko Alice Springs, ilianzishwa Shule ya Hewani kwa watoto walioishi mbali na shule yoyote. Wazo la shule hiyo lilitoka kwa mwalimu Adelaide Miethke.

== Sanduku la dawa ==

Daktari aliweza sasa kusikia, lakini mgonjwa bado alikuwa na kile tu kilichokuwamo kabatini mwa nyumba. Mwaka 1942 yalianza kusambazwa masanduku ya dawa yaliyofanana. Kila dawa, bandeji na chombo kilipewa namba, ili daktari asihitaji kutaja majina magumu. Alisema tu: mpe kidonge cha namba fulani, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliongezwa picha ya mwili wa binadamu iliyogawanywa katika sehemu zenye namba, nayo ikamsaidia mgonjwa kusema kwa usahihi mahali panapouma.

Kuna mzaha unaosimuliwa sana huko kuhusu mtu aliyeambiwa ampe mgonjwa kidonge namba 9. Kwa kuwa vilikuwa vimekwisha, akampa namba 5 na namba 4 pamoja. Kama ni kweli au la, mzaha huo unaonyesha vizuri mpango mzima ulitegemea nini, yaani busara ya mtu asiye tabibu aliyeko upande wa pili wa redio.

Masanduku hayo bado yanatumika. Kila moja huwa na mtu aliyekubali kulitunza, kufunga dawa kali kwa ufunguo, kuhesabu zilizobaki na kuagiza nyingine. Dawa hazitolewi ila kwa maelekezo ya daktari, siku hizi kwa simu.

== Kiwanja cha ndege ==

Sehemu hii ndiyo ambayo msomaji wa mjini huifikiria kidogo kuliko zote. Viwanja vingi vinavyotumiwa na RFDS ni vya udongo, na hutunzwa na wenye ranchi, na jamii za wenyeji au na halmashauri ndogo. Baada ya mvua lazima mtu aende kuangalia kama udongo umelainika. Nyasi hukatwa, vichuguu husawazishwa, na uzio hukaguliwa. Kipimo kimoja cha zamani cha ubora ni rahisi: gari lenye springi ngumu liendeshwe kiwanjani kwa kasi ya kilomita 75 kwa saa, ikiwa waliomo hawakurushwarushwa, kiwanja kinafaa.

Ndege ikiitwa usiku, kazi huongezeka. Wakazi huendesha magari kiwanjani kuwafukuza kangaruu na ng'ombe, maana mnyama mmoja anatosha kuiangusha ndege. Pasipo taa za umeme huwashwa moto kandokando ya njia ya kutua. Njia iliyozoeleka ni kuchovya karatasi ya chooni katika dizeli au mafuta ya taa, kuitia kwenye kopo na kuiwasha. Makopo yakipangwa kwa mistari miwili, rubani anaona pa kutua. Katika nyanda za Nullarbor, vipande vya barabara kuu vimechorwa alama ili ndege iweze kutua humo humo, magari yakiwa yamezuiwa pande zote mbili.

Kazi hii hailipwi. Anayeifanya leo kwa ajili ya mtoto wa jirani anajua kwamba kesho makopo yatawashwa kwa ajili yake.

== Fedha ==

Mwaka 1934 huduma ilitoka mikononi mwa kanisa peke yake na kuwa shirika la kitaifa lenye matawi ya majimbo. Hapo ndipo watu wa miji mikubwa walipoingia kwa nguvu zaidi. Tawi la Victoria, kwa mfano, lilianzisha kituo cha Wyndham katika eneo la Kimberley mwaka 1935, upande wa pili kabisa wa bara. Jina lilibadilishwa kuwa Flying Doctor Service mwaka 1942, na neno Royal likaongezwa mwaka 1955.

Leo sehemu kubwa ya gharama za kila siku hulipwa na serikali ya shirikisho na za majimbo, na mgonjwa wa dharura hadaiwi nauli. Michango ya wananchi hutumika hasa kununua ndege na vifaa vyake. Namna za kuchanga ni nyingi. Mbio za farasi za Birdsville, mji mdogo ulio pembezoni mwa jangwa, huchangia shirika hili. Misafara ya magari ya zamani hupita barabara za vumbi ikikusanya fedha. Huko Broken Hill kamati ya wanawake imejulikana kwa miaka mingi kwa keki nzito za Krismasi wanazozipika na kuziuza kwa maelfu.

Wengine huona si sawa uhai wa mtu wa shamba utegemee mauzo ya keki. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mchango umeleta pia sauti: shirika lenye matawi na kamati kila mahali ni vigumu kwa serikali yoyote kulipuuza.

== Walioachwa nje ==

Neno jamii halikuwa na maana moja kwa wote. Idara ya Flynn iliundwa kwa ajili ya walowezi, na redio za kwanza zilikwenda kwenye ranchi na vituo vyao. Waaborijini, ambao walikuwa wachunga ng'ombe katika ranchi hizo hizo, hawakupewa nafasi sawa. Daktari Charles Duguid wa Adelaide, Mpresbiteri mwenzake, alimlaumu Flynn waziwazi kwa jambo hilo. Siku hizi jamii za Waaborijini ni kati ya wanaohudumiwa zaidi, si kwa dharura tu bali pia kwa kliniki za kawaida ambazo madaktari na wauguzi huruka kwenda kuzifanya.

Mgogoro mmoja ulihusu kaburi lenyewe la Flynn karibu na Alice Springs. Juu yake liliwekwa jiwe kubwa la mviringo lililotolewa Karlu Karlu, mahali patakatifu pa wenyeji. Wenye mahali hapo walidai jiwe lao kwa miaka mingi. Mwaka 1999 lilirudishwa, na Waarrernte, wenyeji wa Alice Springs, wakatoa jiwe lingine la kuwekwa kaburini badala yake.

Picha ya Flynn ipo kwenye noti ya dola 20 ya Australia tangu mwaka 1994.

== Afrika ya Mashariki ==

Huduma ya namna hii ilianzishwa Afrika ya Mashariki mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, nayo leo ni sehemu ya shirika la Amref lenye makao Nairobi. Ndege zake huruka kutoka Uwanja wa Wilson. Hapa pia redio ziliunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali, na daktari Anne Spoerry, aliyerusha ndege yake mwenyewe hadi Lamu na kaskazini mwa Kenya, aliitwa na wagonjwa wake Mama Daktari.

Tofauti kubwa iko katika malipo. Madaktari wa ndege wa Nairobi huuza uanachama wa mwaka uitwao Maisha, ambao humpa mwanachama haki ya kuchukuliwa na ndege akipata dharura. Kwa asiye na uanachama wala bima, safari za hisani hufanyika kwa kadiri fedha za wafadhili zinavyoruhusu. Kiwanjani, kazi ni ile ile ya Queensland: kabla ndege haijatua, mtu wa kijiji huenda kuwaswaga mbuzi.